Hekalu la Neasden na flati ya babu

Mnisamehe kwa kupotea, zamu za usiku zimenibana kweli. Leo nawaletea habari za hekalu la Wahindu la Neasden, hapa London, nilikokwenda Jumapili nilipopata off.

Aliyenituma ni mgonjwa wangu, bibi wa Kigujarati (ameniruhusu kuwasimulia, jina silitaji). Siku ya kwanza namtafuta mshipa akasema, "Polepole, mwanangu." Jamani, Kiswahili safi! Kumbe kazaliwa Dar. Kwao walihama baada ya serikali kutaifisha majumba mwaka 1971. Akaniuliza kwetu wapi, nikasita. Mnajua babu alipangishwa flati ya Msajili wa Majumba kule Upanga, na mama kakulia humo. Hatukuwahi kuuliza nani alikuwemo kabla yetu.

Basi nikaenda. Waumini hawa ni wafuasi wa Swaminarayan, wa jumuiya ya BAPS iliyoanzishwa Gujarat mwaka 1907. Wengi wao huku walipitia Afrika Mashariki. Mwaka 1970 waligeuza kanisa lililoachwa kule Islington kuwa hekalu lao. Mwaka 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na maelfu wakaja Uingereza. Mwaka 1982 wakahamia Neasden, kwenye ghala dogo tu.

Hekalu la sasa lilifunguliwa Agosti 1995 na kiongozi wao, Pramukh Swami Maharaj. Mawe ya chokaa tani 2,828 kutoka Bulgaria na marumaru tani 2,000 za Italia yalipelekwa kwanza India kuchongwa, kisha vipande 26,300 vikaja kuunganishwa hapa. Watoto walikusanya makopo ya alumini kuchangia ujenzi. Waliofukuzwa na walioacha nyumba wakajenga nyumba ambayo hakuna wa kuwatoa.

Viatu unaviacha mlangoni. Kila siku kuna arti mara tano, yaani kuzungusha taa mbele ya sanamu huku wanaimba. Alfajiri miungu huamshwa, asubuhi huvishwa, mchana huandaliwa chakula, jioni huimbiwa tena, usiku hulazwa. Ikifika saa ya kula au kupumzika, milango hufungwa. Nikatabasamu: kuamsha, kuvisha, kulisha, kulaza, si ndiyo kazi yangu wodini?

Niliporudi kazini nikajikaza nikamuuliza bibi nyumba yao ilikuwa wapi. "Kisutu," akasema. Nikashusha pumzi. Halafu nikaona aibu kwa kushusha pumzi, kwani ya Upanga nayo ilikuwa na wenyewe.

Mama, ukisoma hii, muulize bibi kama anakumbuka jina la waliokuwemo. Niandikieni. Nawapenda wote.