Memori kadi imeandikwa 64GB lakini ndani ni hewa? Hii hapa njia ya kuitesti

Desemba moja niliingia ocha, Mosocho, hapo karibu na Kisii mjini, na memori kadi mpya ya 64GB. Niliipata kwa mchuuzi wa barabarani, soo tano tu. Nikarekodi nyanya siku mzima akitupigia stori za familia, na simu ikahifadhi zote bila kulalamika. Kurudi mtaa, video za kwanza zikafunguka poa. Zilizobaki zilikuwa majina tu, ukibonyeza hakuna kitu. Nyanya hayuko tena. So soma hii polepole.

Feki hufanya aje?

Ndani ya kadi kuna chipu ya kuhifadhi vitu na nyingine ndogo ya kuiendesha. Hiyo ndogo ndiyo huambia simu kadi ni ya size gani. Wakora huibadilisha idanganye: iseme 64GB na nafasi ya ukweli ni 8GB. Ukiwa chini ya 8 kila kitu kiko fiti. Ukipita hapo, vitu vipya vinapotea ama vinaandikwa juu ya vya zamani. Majina ya faili hubaki kwa sababu orodha yake hukaa mwanzo wa kadi. Kufomati hakutibu huo uongo.

Lakini usipigie muuzaji kelele bure. Kadi safi ya 64GB kwa Windows huonyesha kama 59.6, na ya 32GB huonyesha 29.8. Kiwanda huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni 1, Windows huhesabu baiti 1,073,741,824. Hapo hujaibiwa.

Kutesti na kompyuta

1. Hamisha vitu vyote, kadi ibaki tupu.
2. Kwa Windows tumia H2testw. Kwa Linux ama Mac tumia F3: f3write kwanza, halafu f3read. Zote ni za bure.
3. Ngoja. Programu inajaza kadi yote, kisha inasoma kila kitu upya kuona kama ndicho iliandika. Kadi ya Class 10 ikienda na MB 10 kwa sekunde, kuandika 64GB peke yake ni karibu saa moja na dakika 47. Chemsha chai.
4. Ikimaliza bila makosa, kadi ni yako. Ikikuonyesha nafasi iliyopotea, irudishe ilikotoka.

Huna kompyuta?

Chukua video ya kama 1GB, ikopi kwa kadi mara nyingi hadi ijae. Zima simu, toa kadi, irudishe, washa tena. Fungua za mwanzo, za katikati na za mwisho, na usogeze kila moja hadi mwisho wake. Usiruke hiyo ya kuzima, juu simu hukumbuka kitu imetoka kuandika na inaweza kukuonyesha hiyo badala ya kusoma kadi.

Hii mbinu ni ya kitambo

Kabla ya simu zetu, kulikuwa na kalkuleta za kuprogramu zenye kadi zao za memori. HP 48SX ya 1990 ilikuwa na memori ya 32KB na nafasi mbili za kadi. Kadi ya RAM ilikuwa ya 32KB ama 128KB. Ni KB, si GB, msee. Shida yake haikuwa size ya uongo, ni betri ndogo ya duara ndani ya kadi. Ikifa, ukichomoa kadi kila kitu kinafutika.

Mwenye nayo leo anaitesti vile vile: weka programu ndani ya kadi, zima kalkuleta, chomoa, irudishe kesho, soma kama bado iko. Betri ya kadi hubadilishwa kadi ikiwa ndani na kalkuleta ikiwa imewashwa. Na kama kadi ilikuwa imeunganishwa na memori kuu, itenganishe kwanza ndio uichomoe.

Na wewe wa Cardinal Otunga pale Mosocho, hiyo usiende nayo KCSE. KNEC hukubali kalkuleta isiyotoa sauti na isiyoweza kuprogramiwa.

Kabla utoe doo

Nunua mahali unaweza kurudi kesho umpate muuzaji. Kubaliana naye mapema kwamba ikifeli testi anakurudishia. Itesti siku hiyo hiyo, kabla ya harusi, kabla ya matanga, kabla hujamwambia nyanya aanze kuongea. Halafu hata ikipita, weka nakala mahali pengine. Kadi mpya utapata. Ile sauti hupati tena.