Uko Ngara, Simu Iko Rwanda: Stori ya Laini Inayovuka Mpaka Bila Paspoti

Kuna utingo mmoja wa Nemba, jina kapuni, alishusha mzigo Rusumo upande wetu wa Tanzania. Daraja hakulivuka. Mama yake akapiga, wakasalimiana, wakapiga stori weee. Kukata simu, salio limekwenda na maji, na ndo ilikuwa hela ya kula njiani. Kapokea tu, hakupiga!

Mwizi nani? Turudi nyuma kidogo.

Mfumo wa GSM ulizaliwa Ulaya. Simu ya kwanza ilipigwa Finland, Julai 1991. Mwaka 1992 kampuni moja ya Finland na Vodafone ya Uingereza wakakubaliana mteja wa huku atumie minara ya kule, na bili imfuate nyumbani. Romingi ikaanzia hapo.

Sasa, kila nchi ina namba yake ambayo minara inaitangaza hewani: Tanzania 640, Rwanda 635, Burundi 642. Simu yako haijui mto Kagera wala ofisi ya uhamiaji. Inasikiliza namba tu. Kwanza inautaka mtandao wa nyumbani. Ikiukosa, inapitia orodha iliyomo kwenye laini, kisha mnara wowote utakaoipokea. Na Ngara ni milima na mabonde, si unaijua? Mnara wa kwetu ukijificha nyuma ya kilima, wa jirani unakudaka.

Utamu uko hapa: kwa kanuni za GSM, simu ikishashika mtandao wa nchi nyingine hailazimiki kuutafuta wa nyumbani. Inaweza kung'ang'ania kwa jirani hata mnara wa kwetu umerudi. Hapo ndo utingo wetu aliliwa.

Wapo waliojaribu kutibu. Mwaka 2006 Celtel waliunganisha Tanzania, Kenya na Uganda, ukipokea simu huko ni bure. Ila Rwanda na Burundi, majirani wa Ngara, hawakuwemo mwanzoni. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda wakashusha gharama za romingi kati yao. Safari hiyo Tanzania ndo haikuanza nao.

Kwa hiyo ukikaribia mpaka, ingia kwenye mipangilio, toa "otomatiki", chagua mtandao wako mwenyewe. Kuzima romingi ya data peke yake kwa simu nyingi hakuzuii simu za kawaida, usijidanganye.

Wewe ulishawahi kukaribishwa Rwanda kwa meseji ukiwa umekaa zako Ngara? Tiririka hapo chini.