Saumu mkoani Singida

Saumu, au funga, ni mojawapo ya nguzo 5 za Uislamu; ilifaradhishwa mwaka wa 2 Hijria. Lengo lake, kwa mujibu wa Sura ya al-Baqara, aya ya 183, ni ucha Mungu. Huko Singida, mkoa mkavu wenye Waislamu wengi miongoni mwa Wanyaturu, mfungaji hukaa zaidi ya saa 13 bila kula wala kunywa, tangu alfajiri hadi magharibi. Mkulima wa alizeti yuko peke yake shambani, dumu la maji kivulini, wala hakuna wa kumwona akinywa. Hapo ndipo nafsi hufundwa hasa: nia ya kufunga iliyowekwa usiku hushindana na kiu, na ulimi nao hufunga. Mwishoni mwa mfungo, zakatul-fitri, pishi moja ya nafaka kwa kila mtu, hutolewa kabla ya sala ya Idi.