Kebini ya 1985, Chasisi ya 1991: Pikapu za Kampala na Historia Isiyoandikwa

Katika masomo yetu tumezoea kuisaka historia ya Uganda ndani ya majalada: barua za wakoloni, ripoti za tume, magazeti ya zamani. Mimi nataka kuitafuta chini ya pikapu. Hoja yangu ni kwamba Toyota Hilux kuukuu zinazobeba matoke, mchanga na mabati hapa Kampala, nyingi zikiwa zimeunganishwa kutoka vizazi viwili au vitatu vya gari hilohilo, zimetunza mambo ambayo kadi ya gari haikuyaandika.

Nianze na umbo lenyewe. Hilux ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1968, na vizazi vipya vikafuata mwaka 1972, 1978, 1983, 1988 na 1997. Vyote hivyo vimejengwa juu ya chasisi inayofanana na ngazi: vyuma viwili virefu vilivyoungwa kwa vyuma vya kukingama. Kebini na bodi ya nyuma hukaa juu yake, zimefungwa kwa bolti zenye raba. Fundi akizifungua bolti hizo, akatenganisha nyaya, mabomba ya breki na usukani, kebini huinuka kama sufuria kutoka mafigani. Gari dogo la saluni halikubali jambo hilo, kwa sababu bodi yake ndiyo chasisi yake.

Kuinua si tatizo. Tatizo ni kushusha. Fundi mmoja wa Ndeeba alinionyesha kebini ya kizazi cha 1983 iliyokuwa ikiwekwa juu ya chasisi ya kizazi cha 1988. Vishikio havikukutana. Vilibidi vikatwe, vipimwe kwa kamba na kuchomelewa upya, na pima ikikosewa, milango haifungi. Injini, kwa upande wake, haimsumbui sana. Dizeli za Toyota za familia ya L, yaani 2L ya lita 2.4 na 3L ya lita 2.8, hupokezana nafasi kwa marekebisho madogo. Ndiyo maana pikapu yenye sura ya zamani inaweza kukupita kwenye mlima kwa injini ya mjukuu wake.

Ustadi huu ulitoka wapi? Jibu jepesi ni umaskini, na nimelisikia hata darasani. Silikubali, kwa sababu umaskini peke yake haumfundishi mtu kupima chasisi. Tutazame mwaka 1972. Mwezi Agosti Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Biashara kubwa ya magari na vipuri ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwao, na maduka yao yakagawiwa watu ambao wengi hawakujua kuagiza hata fani belti. Hao ndio walioitwa "mafuta mingi", jina la Kiswahili cha kambini ambalo sarufi yake ingemkera mhadhiri yeyote, lakini lililoeleweka Uganda nzima. Fedha za kigeni zilipoadimika na biashara ya magendo kutawala, gari lililoharibika halikuwa na pa kupata spea ila kwenye gari jingine lililoharibika. Peugeot 404 ililisha Peugeot 404, na Datsun ikalisha Datsun. Fundi aliyedumu ni yule aliyejua kipi kinaingia wapi.

Maarifa hayo yalikuwa tayari yamekomaa mambo yalipobadilika. Ofisi za kubadilisha fedha ziliruhusiwa mwaka 1990, biashara ya kahawa ikafunguliwa mwaka uliofuata, na magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika kupitia Mombasa. Pamoja nayo vilikuja vipande: pua za magari zilizokatwa nyuma ya injini, milango, kebini nzima. Vingi viliishia soko la Kisekka, karibu na uwanja wa Nakivubo, soko lenye jina la Samson Kisekka, waziri mkuu wa kwanza wa serikali ya Museveni. Kwa hiyo wingi wa spea haukuua uunganishaji, uliupa malighafi.

Hapa niingize mfano wa nyumbani kwetu, kwa kuwa unaonyesha kwamba jambo hili si la mafundi tu. Babu yangu alinunua Hilux nyeupe ya 1985 kwa fedha za kahawa. Miaka kadhaa baadaye chasisi ilipasuka kwenye barabara ya Masaka. Baba mdogo alinunua pikapu ya 1991 iliyokuwa imepinduka, bodi imepondeka lakini chasisi imenyooka, na fundi akaipandisha kebini ya babu juu yake. Kijijini hakuna aliyesema babu amepata gari jipya. Lilikuwa lilelile, lenye alama ileile mlangoni. Babu alipofariki, wosia wake ulimpa shangazi "pikapu yangu nyeupe". Baba mdogo akatoa kadi, ambayo Kampala kila mtu huiita logibuku: jina lake, namba ya chasisi yake. Wazee wa ukoo walikaa siku nzima. Mwishowe waliamua kwamba marehemu alikuwa amemaanisha kile ambacho watu walikijua kwa macho, basi shangazi akapewa funguo. Lakini serikali haijui macho ya kijiji. Shangazi analiendesha gari hadi leo, na hawezi kuliuza.

Sheria ina sababu yake. Namba ya Hilux imegongwa kwenye chuma cha kulia cha chasisi, upande wa mbele, na mwizi mwenye grainda anaweza kuikata na kuchomelea namba ya gari lililokufa kwenye gari aliloiba. Mkono unaoweza kuokoa pikapu ya mzee ndio huohuo unaoweza kuficha wizi, na siwezi kuandika juu ya ustadi huu kana kwamba ni mtakatifu. Tena kuna suala la usalama: chasisi iliyoungwa vibaya huvunjika pale pale ilipoungwa, mara nyingi ikiwa na watu juu ya mzigo.

Siku hizi malighafi yenyewe inapungua. Sheria iliyopitishwa mwaka 2018 ilizuia kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, kwa hiyo Hilux ya kizazi cha 1988 iliyobaki nchini ndiyo hiyo. Vibanda vya zamani vya Kisekka navyo vilibomolewa katika miaka ya 2010 kupisha jengo la ghorofa, na sehemu ya mafundi wakatawanyika. Nimewakuta baadhi yao Ndeeba na Katwe, wengine wamezeeka, na hakuna aliyewahi kuandika chochote. Vipimo viko kichwani na kwenye kamba zenye mafundo. Nimeanza kuandika nao orodha ya kipi kinaingia wapi, kizazi kwa kizazi. Tumefika kwenye milango, na mafundi wawili bado wanabishana kuhusu bawaba za mwaka 1984.