Turbo Haijafa, Upepo Unavuja

Nimekuwa kimya kwa sababu ya safari za kikazi, ila kuna jambo limenikaa rohoni tangu Jumamosi na leo lazima nilitoe.

Mjomba wangu ana Fuso. Msimu wa pamba linabeba pamba, msimu ukiisha linabeba mchele. Mwezi uliopita likaanza kuwa zito. Likiwa na mzigo halivuti, na kila kilima linatoa moshi mweusi kama linachoma matairi. Fundi wa kwanza alisikiliza kidogo tu, akasema turbo imekufa. Mjomba akauza ng'ombe wawili, akanunua turbo iliyotumika, ikafungwa. Moshi ukabaki vilevile! Hapo ndipo aliponipigia simu, si kwamba najua magari, ila kwa mjomba mtu aliyemaliza chuo kikuu anatakiwa kujua kila kitu. Nikampeleka kwa mzee mmoja wa Nyakato ambaye niliwahi kumwandika gazetini.

Mzee hakugusa turbo. Aliinua kichwa cha gari, akapitisha kiganja chini ya mipira ya hewa, kiganja kikatoka na oili. Akanitazama. "Bwana mdogo, turbo haijafa. Upepo unavuja."

Sasa mimi siwezi kusikia kitu kama hicho halafu nikaenda kulala. Nikaanza kusoma, na nikagundua kwamba hadithi ya turbo ni ndefu kuliko nilivyodhani. Aliyeianzisha ni mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, ambaye alipata hataza yake mwaka 1905. Wazo lenyewe ni rahisi: moshi unaotoka kwenye injini una nguvu inayopotea bure. Weka feni izungushwe na moshi huo, na kwenye shafti hiyohiyo weka feni nyingine inayosukuma hewa safi kuingia kwenye injini. Hewa ikiingia nyingi, unaweza kuchoma mafuta mengi, unapata nguvu zaidi kwenye injini ileile. Ilichukua kama miaka 20 kufanya kazi vizuri. Miaka ya 1920 ilifungwa kwenye meli za abiria za Ujerumani, na injini ya nguvu-farasi 1,750 ikafika 2,500.

Lakini kilichonivutia zaidi ni Marekani. Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss wa General Electric alibeba injini ya ndege hadi juu ya mlima Pikes Peak, Colorado, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Chini, injini ile ilitoa nguvu-farasi 350. Juu mlimani ikashuka hadi 230. Alipoiwasha na turbo, ikatoa 356. Yaani turbo ilirudisha kile ambacho mlima ulikichukua.

Na hapo ndipo sisi watu wa Kanda ya Ziwa tunapoingia. Tunakaa ufukweni, tunakula sato, tunajiona kama watu wa pwani, kumbe Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari! Hewa ya hapa Mwanza ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 12. Wakubwa wetu wanakumbuka vizuri kwamba hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 mabasi mengi ya Mwanza kwenda Dar yalipitia Sirari, yakavuka nyanda za juu za Kenya hadi Nairobi, yakarudi nchini kwa Namanga, kwa sababu barabara yetu ya kati ilikuwa mateso. Huko Kenya kuna sehemu zinazozidi mita 2,000. Kwa hiyo kwa gari la huku turbo si mbwembwe ya mwendo. Ni pumzi.

Tatizo ni safari ya hiyo pumzi. Volvo waliuza lori la turbo tangu mwaka 1954, na injini ikapanda kutoka nguvu-farasi 150 hadi 185. Baadaye ikaja intakula, ile inayofanana na rejeta, ya kupoza hewa baada ya turbo kuipasha moto. Jambo zuri sana, ila hewa sasa inatoka turbo, inakwenda mbele ya gari, inapita intakula, inarudi nyuma kwenye injini. Kila kona ina kiungo. Na viungo haviwezi kuwa chuma kitupu, kwa sababu injini inatikisika kivyake na chesi kivyake. Lazima kuwe na mpira na klipu katikati. Kila waliposogea mbele kwa maarifa waliongeza mahali pa kuvuja, na mahali hapo ndipo barabara zetu zinapopiga.

Hewa ikivuja, mafuta yanaendelea kuingia lakini hayapati hewa ya kutosha kuungua. Ndiyo moshi mweusi. Joto la egzosi linapanda, turbo inazunguka kwa kasi zaidi kujaribu kufidia, na mwisho inakufa kweli. Kwa hiyo hata ile mpya ya mjomba ilikuwa njiani kuelekea kaburini!

Mzee alizima injini. Alikuwa na kifuniko cha bati alichotengenezewa Makoroboi, kimetobolewa katikati na kufungwa valvu ya tairi. Akatoa mpira unaotoka kwenye kichujio cha hewa, akaziba mdomo wa turbo kwa kile kifuniko, akakaza, akaunganisha mashine ya upepo. Akajaza taratibu hadi 15 kwenye geji ya tairi, hakuzidisha, na akatusogeza pembeni kwa sababu kifuniko kikifyatuka kinaumiza. Kisha akapaka maji ya sabuni kila kiungo. Chini ya intakula povu likachemka kama uji. Mpira ulikuwa umechanika upande usioonekana, na mtu alikuwa ameweka kipande cha mpira wa rejeta, ambao hauvumilii oili wala joto lile.

Kabla ya kufunga mpira mpya alisugua bomba mpaka oili ikaisha, maana kwenye oili mpira huteleza hata ukikaza klipu vipi. Pia akakagua mpira wa kati ya kichujio na turbo. Pale hewa haitoki, inaingia, na inaingia na vumbi. Alisema uvujaji huo hautoi sauti wala moshi mwanzoni, unakula feni na pistoni polepole, na ndio anaouogopa kuliko wote.

Tulilijaribu na mzigo hadi Kisesa. Moshi hakuna. Mpira ule na klipu mbili haukufika bei ya kuku wawili. Mjomba alinyamaza njia nzima, na mimi sikuthubutu kutaja ng'ombe. Turbo ya zamani, ambayo haikuwa na ubaya wowote, bado iko nyuma ya kiti ndani ya gunia la mchele.