Numero ya shasi: piki yako ilizaliwa mwaka gani?

Kila siku tunaongea juu ya barabara mbaya. Leo tuongee juu ya mashini inayotubeba juu ya barabara hizo.

Mdogo wangu ni motari. Mwaka jana alinunua piki iliyokwisha kutumika. Muuzaji alimwambia ni ya 2021, naye akalipa bei ya 2021. Siku tulipoipeleka kwa mekanisye, mzee yule aliangalia etiketi, kisha akapangusa matope kwenye shingo ya piki, chini ya gido. Akasema: "Mtoto wangu, hii ni ya 2015." Alijuaje? Alisoma numero.

Numero hizo zina historia yake. Zamani kila kiwanda kilikuwa na lugha yake. Chukueni mfano wa Datsun 240Z, gari ya mbio ya Wajapani iliyotoka mwaka 1969. Ilishinda mashindano ya Safari Rally kule Kenya mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda.

Gari zile zenye volani upande wa kuume, kama zinavyotakiwa Kenya, zilipigwa alama HS30. H ilionyesha moteri ya lita 2.4, na S30 ni aina ya gari. Zenye volani upande wa kushoto, kama zetu za Congo, ziliandikwa HLS30. Herufi moja tu, L, ilikuambia volani iko wapi. Lakini asiyejua lugha ya kiwanda kile hakuelewa kitu.

Ndiyo maana mwaka 1977 ulitolewa utaratibu wa dunia nzima, unaoitwa ISO 3779: kila mashini iwe na alama 17, herufi na tarakimu pamoja. Marekani ililazimisha alama hizo 17 kwa gari za kuanzia 1981. Herufi I, O na Q zilikatazwa, maana zinafanana na 1 na 0.

Alama tatu za kwanza zinataja kiwanda na nchi yake. J ni Japani, L ni China. Boxer ya India inaanza na MD2, na TVS na MD6. Zinazofuata zinaeleza aina ya mashini. Alama ya kumi, kwa viwanda vingi, ni mwaka: A ni 2010, B ni 2011, F ni 2015, M ni 2021, P ni 2023. Za mwisho ni numero ya mashini yenyewe, isiyofanana na ya nyingine.

Sasa turudi kwa mdogo wangu. Kwenye etiketi, alama ya kumi ilikuwa M. Kwenye chuma ilikuwa F. Mtu alibandika karatasi ya piki nyingine ili auze miaka sita ambayo haiko. Tulipomtafuta muuzaji, alikuwa amekwisha kuhama. Mdogo wangu anaendelea kubeba watu kwenda Salamabila, lakini kila mwezi sehemu ya feza zake inaishia kwa mekanisye.

Basi, ndugu motari, kabla ya kutoa franga hata moja, omba kitambaa, pangusa shingo ya piki. Andika alama zote 17. Linganisha chuma, etiketi na karatasi za piki. Pitisha kidole: ukisikia chuma kimepigwa tupa, rudisha feza mfukoni. Etiketi inabanduliwa kwa ukucha, lakini kufuta chuma kunaacha kovu.