Ngome Iliyopewa Jina la Nyingine

Kuna picha moja ya Scotland ambayo siiamini hata kidogo, na bado narudi kuitazama. Maandishi yake yanasema ni ngome ya Dunnottar. Si Dunnottar. Wanaozijua ngome hizo wanasema ni Wemyss, iliyo kusini zaidi, eneo la Fife. Picha ilichapwa mwaka wa 1693, na kosa likachapwa nayo.

Mchoraji ni John Slezer. Jamaa hakuwa msanii wa kulipwa, wala hakuwa Mskoti. Alikuwa mwanajeshi kutoka bara Ulaya, akafika Scotland 1669, na miaka miwili baadaye akapewa uhandisi wa ngome za mfalme. Kazi yake ilikuwa kukagua kuta na mizinga: wapi pamebomoka, wapi adui anaweza kupenya. Katika kuzungukazunguka huko akapata wazo la kuichora nchi, miji yake na ngome zake, atoe kitabu. Kikatoka London kwa jina Theatrum Scotiae, kikiwa na picha 57.

Sasa, picha hizo hazikutoka hivi hivi. Mchoro ulihamishiwa kwenye bamba la shaba, fundi akauchonga mstari kwa mstari, tena kinyumenyume, ili ukichapwa utoke sawa. Bamba linapakwa wino, linafutwa, wino unabaki ndani ya mikwaruzo tu. Kisha karatasi yenye unyevu inawekwa juu na kugandamizwa kwa nguvu. Michoro mingi, mabamba mengi, mikono mingi. Nahisi hapo katikati ndipo Wemyss ilipogeuzwa Dunnottar.

Lakini kinachonisumbua si jina. Mwaka wa 1685, miaka minane tu kabla ya kitabu, watu 167, wanaume kwa wanawake, walifungiwa ndani ya Dunnottar kwa kukataa mamlaka ya mfalme juu ya kanisa lao. Walisukumwa ndani ya ghala moja la chini, wakabanana humo kiangazi. Wengine walifia humo. Hata kama Slezer angepatia jina, tusingewaona. Ngome zake zimechorwa kwa mbali, kutoka nje, mahali ambapo mhandisi husimama akipima ukuta. Ndani hatuingii.

Ni picha nzuri, sikatai. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeziweka mtandaoni, unaweza kuzivuta kwenye simu hadi uone kila mkwaruzo.

Slezer mwenyewe hazikumfaidi. Kitabu hakikuuza vile alivyotarajia. Bunge la Scotland lilipitisha ushuru wa meli umsaidie, lakini pesa nyingi hazikumfikia, na mishahara yake ya jeshi ikarundikana bila kulipwa. Mkandarasi yeyote wa kaunti anaijua hadithi hii bila kusimuliwa. Wadai walipomzidi, akakimbilia Holyrood, Edinburgh, kwenye viwanja vya abasia ya kale, kwa sababu sheria ilikataza kumkamata mdaiwa akiwa ndani ya mipaka yake. Mtu aliyetumia maisha yake kukagua kuta za wafalme akaishia kujificha ndani ya mpaka wa kanisa.

Alifia humo 1717, deni likiwa bado. Mwaka uliofuata kitabu kikachapwa tena.